Kilo Mia Mbili na Kumi

Bwana Ancapán amekuja na mizani yake,
ameitundika kwenye boriti ya banda la viazi,
amefunga mnyororo, amevuta, amekaza jicho.
"Kilo mia mbili na kumi," asema.
"Nikitoa uchafu, mia mbili kamili."
Uchafu wenyewe ni grisi ya baba.

Nje mvua, ileile ya Chiloé,
haianzi wala haikomi,
hubadili tu upande.

Kaka yangu Remigio asema uza.
Kasafiri siku mbili kutoka Punta Arenas,
ana tiketi ya kurudi Jumapili,
na mwenye tiketi ya kurudi huona kila kitu chepesi.

Binti yake, Yobana, hataki kusikia.
Keshafungua kifuniko, kaingiza tochi na pua:
"Shangazi, pistoni imeganda tu, haijafa."
Lakini silinda ina ufa wa kupitisha wembe,
na kiwanda kilichoiunda, huko ng'ambo,
siku hizi kinauza makochi.
Ameandika orodha ya vipuri. Orodha ina bei.
Bei ya kuifufua yanunua mbili mpya,
zile za kufunga nyuma, zinazonong'ona.

Jirani yetu Edelmira, ambaye hajaulizwa,
asema ipakwe samawati, iwekwe langoni,
ijazwe udongo, ipandwe begonia.
Nimeiona nanga yake langoni.
Nimeyaona makasia yake ukutani, yamevuka rangi.
Asante, Edelmira.

Mimi ndiye mwamuzi, kwa kuwa ndiye niliyebaki,
na sisemi kitu. Natazama.
Chini ya boliti ya tatu ipo sarafu ya peso kumi,
baba aliitoboa akaitumia kama washa.
Waya wa uzio umelishika bomba la dizeli
tangu nilipong'oka meno ya utoto.
Na pale juu, kando ya hendeli,
kuku ametaga.

Wanauliza itafaa nini.
Nami nasikia ilivyofaa:
tu-ku, tu-ku, tu-ku, ikizunguka rasi,
mama anainua kichwa, anainjika viazi.
Si mapema, si baadaye.
Baba akivua buti, viazi vimeiva.

Usiku ule ilipozimika katikati ya mlangobahari
baba alifika kwa makasia, alfajiri, viganja vimechubuka.
Sufuria ilikuwa mezani, viazi vibichi majini,
na mama gizani, kashika kiberiti
ambacho hakukiwasha.

Haya Yobana hayajui.
Yobana ana mashua ya futi kumi na nane,
ambayo dhoruba ya Mei imeshaitupa miambani
mara mbili.
"Uliifunga na nini?" nikamuuliza.
"Gunia la mawe."

Basi. Nikamwambia Ancapán ashushe mizani,
nikampa kahawa na mkate wa viazi kwa usumbufu.
Remigio akahesabu hasara vidoleni,
vidole vikaisha, akaenda kuwafunga nira maksai.

Tuliiburuta kwa sleji ya mbao maji yalipokupwa,
matope magotini,
Remigio akitukana matusi ya baba
neno kwa neno, bila kukosea hata moja.
Yai nilishalila. Sarafu nilitaka kuichomoa,
ikakataa, nikaiacha.
Yobana akapitisha mnyororo kwenye mbavu za chuma,
akafunga pingu, kisha, ili isifunguke,
akaizungushia waya.
Wa uzio. Sijui nani alimfundisha.

Bamvua ikaja saa kumi.
Ikafunika gurudumu, ikafunika jina la kiwanda,
mwisho kikapanda kiputo kimoja cha mafuta
kikatandaza rangi zake juu ya maji ya kijivu,
na boya likasimama.

Sasa haimpeleki mtu popote.
Upepo wa kaskazini ukivuma nainuka kuchungulia:
mashua inavuta, inavuta, inarudi.
Yobana akienda kuvua
hurudi na mashine yake inayonong'ona,
nami hushtukia yuko mlangoni, anavua buti.
Viazi nainjika kwa kukisia.